Mtalimbo Uliopinda

Siku ile pale kwenye mwamba tulikuwa saba: mimi, wadogo zangu watatu, mwenye nyundo kutoka Mikumi, dereva wa katapila, na baba mdogo, aliyekuja na baiskeli kutoka Ruaha kuona nikishindwa.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, tukawa tunaponda kokoto. Ruksa ilipoingia na biashara kuachiwa huru, watu binafsi walianza kupewa kazi za barabara. Mkandarasi mmoja, upande wa Masanze, alizuiwa na mwamba mahali pa kuweka kalavati. Nikamwambia nitautoa. Katapila alikuwa nayo; nyundo ya kuvunjia mawe, ile inayofungwa kwenye mkono wa katapila badala ya ndoo, niliifuata Mikumi kuikodi mwenyewe.

Baba mdogo aliposikia alisema, "Mwamba ukikushinda, hawa wawili wa mwisho nawachukua. Watoto hawalelewi kwa kokoto."

Nikamjibu, "Njoo uangalie, baba."

Nyundo ilikodishwa kwa saa, nami nilitaka saa chache. Basi nikafanya tulivyozoea: alfajiri tukawasha magogo juu ya mwamba ili upasuke kabla mashine haijafika. Lori lilipotokea mapema kuliko tulivyopatana, tulifagia makaa haraka tukamwaga ndoo tatu za maji. Juu palipoa. Nikaona inatosha.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mwenye nyundo aliposhuka.

"Marahaba. Mteja wangu, mbona umekuja na chekechea?"

"Hao ndio mafundi, mzee. Wewe ndiye mgeni."

Dereva alicheka, na nyundo ilipofungwa akapanda katapila. Nyundo ikaanza kugonga, ardhi ikatetemeka mpaka miguuni, na vipande vikaruka. Mdogo wangu wa mwisho alipiga makofi. Mara sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayetwanga tope. Dereva akainua mkono wa mashine: ncha ya mtalimbo, kile chuma kinene kinachopiga jiwe, ilikuwa imepinda.

Mwenye nyundo alishika mwamba kwenye ufa, akautoa mkono upesi.

"Nani kawasha moto hapa?"

Wadogo zangu walitazama chini.

"Mimi," nikasema.

"Jiwe la moto linalegeza chuma, binti! Hujui?"

"Nyundo zetu za mkono hazikai juu ya jiwe muda wote huo. Sasa nimejua."

Baba mdogo alishaanza kuwaambia wale wawili wakafunge nguo zao. Nilimwona mwenye nyundo akitazama lori, na kwenye lori palikuwa na mtalimbo wa akiba.

"Mzee, tusubiri mpaka alasiri jiwe lipoe hadi ndani. Halafu nitakuonyesha mahali pa kupiga. Huyu dereva anapiga katikati. Mwamba huu una mshipa unaopasukia."

"Na huu uliopinda?"

"Nitakununulia mwingine."

Alinitazama, akamtazama baba mdogo na baiskeli yake. "Chekechea," akawaambia wadogo zangu, "leteni maji zaidi."

Tulibeba maji kutoka mtoni mpaka jiwe likashikika. Nikachukua kaa, nikachora mstari kufuata mshipa, na dereva akapiga juu yake akinung'unika kwamba sasa anafundishwa kazi na mponda kokoto. Kabla ya magharibi mwamba ulifunguka vipande vitatu. Baba mdogo alivisogelea, akavigusa kwa kiatu.

"Mtakuja Idi?" akauliza.

"Wote wanne, baba."

Akapanda baiskeli peke yake.

Mwenye nyundo alikataa kupakia mtalimbo uliopinda. "Uweke mlangoni kwako uuone kila ukitoka, mpaka uniletee mpya."

Tuliufunga kwa kamba kwenye mti wa kubebea, tukaubeba wanne, tukipumzika kila baada ya hatua chache. Tukaulaza mlangoni. Sikujua hata unauzwa wapi, Morogoro au Dar. Asubuhi nikauruka, nikaenda kuuliza.