Laptop mpya, laptop ya zamani, na kitambaa cha mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani? Wanaostahili shikamoo wapokee, wenzangu mambo vipi.

Nimeona vijana wanabishana wiki nzima: mtu mwenye kazi nzito anunue laptop mpya ya dukani au workstation ya zamani iliyotumika Ulaya? Nimejikaza nisome nipite, nimeshindwa. Acheni niwape yaliyonikuta mwenyewe, Songea. Sitii chumvi, na shahidi wangu yuko hai. Ni mama mkwe wangu, ingawa forum hajui ni mdudu gani.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshakolea. Maduka ya mjini yamejaa redio, TV na mitumba ya kila aina, na kompyuta zilizotumika nazo zikaanza kuingia.

Mimi ni mpima ardhi. Ndiyo, mwanamke, na napanda mlima na vyombo vyangu. Hayo maswali niliyamaliza zamani, msianze.

Sasa sikilizeni.

Kijiji cha kwao mume wangu kiko upande wa Maposeni. Mahindi wanayo mpaka ya kugawa. Maji ndiyo shida. Wanawake wanashuka bondeni na ndoo, halafu wanaupanda mlima nayo kichwani.

Mama mkwe, Mama Skolastika, alikuwa ametibiwa magoti hospitali ya Peramiho na akaja kupumzika kwetu mjini. Daktari alimwambia asipande tena mlima na mzigo. Yeye akaitikia "haya", lakini sote tulijua akirudi kijijini atashuka bondeni kama kawaida, maana nani atamtekea?

Kila nilipokwenda kwao nilikuwa naoga maji yaliyopanda mlima juu ya kichwa chake. Wakuu, hilo lilikuwa linaniuma sana.

Bahati wakapatikana wafadhili wa maji. Ila uwezo wao ni kijiji kimoja, na vijiji vilivyoomba ni viwili. Mhandisi wao akasema wazi: hakuna pampu, hakuna dizeli. "Nionyesheni kwa mchoro kwamba maji ya ile chemchemi ya mbali kule juu mlimani yatafika kijijini yenyewe. Nikielewa, mradi ni wenu. Ijumaa nakuja."

Vipimo vya mlima nilikuwa navyo vyote. Kilichobaki ni kuviingiza kwenye software ijenge sura ya mlima, 3D, halafu nilaze bomba juu yake. Kompyuta ya mezani ya ofisini hata kuifungua ile software ilikuwa inagoma.

Hapo ndipo laptop mbili zikaingia nyumbani kwangu.

Ya kwanza ilitumwa na shemeji yangu, ndugu wa mume wangu, kutoka Dar. Mpya! Nyembamba, screen inang'aa mpaka unajiona ukijipaka poda. Bado ilikuwa na nailoni ya dukani, juu na chini. Shemeji akasisitiza kwenye simu: "Nailoni usitoe, shemeji, isichakae."

Na sisi tunajijua. Kuna mtu humu rimoti yake bado iko kwenye nailoni mpaka leo.

Ya pili ilikuwa ya Idrisa, kijana wa Tanga aliyekuwa anauza kompyuta za mtumba pale mjini. Workstation, yaani laptop ya kazi nzito. Nyeusi, nene, kona zimechubuka, chaja yake peke yake ungeweza kuzuilia mlango.

Nikacheka. Idrisa hakucheka.

"Dada, wallahi hii ilikuwa ya watu wanaochora madaraja," akasema. "Ina graphics yake yenyewe ya kuchorea picha, haikopi kumbukumbu kwenye RAM. Kaa nayo mpaka Ijumaa. Isipokufaa nirudishie, hatudaiani."

Nikaipokea kwa adabu, nikaiweka chini ya meza. Moyo wangu ulikuwa kwa ile mpya, siwadanganyi.

Mama mkwe naye moyo wake ulikuwa kwa ile mpya. Alipoambiwa hii ndiyo itakayochora maji ya kijijini, alikaa siku nzima na sindano yake akaifumia kitambaa. Cheupe, maua ya bluu pembeni, kimeshuka vizuri pande zote. Akakitandika mwenyewe juu ya laptop, akarudi nyuma kidogo kukitazama.

"Vumbi la Songea halina adabu," akasema. "Kitu cha heshima lazima kifunikwe."

Wakuu, mama mkwe wako amefuma kitambaa kwa mkono wake, magoti yanamuuma, amekitandika mwenyewe. Wewe mkwe utakitoa? Kwa mdomo upi?

Basi nikawa nafanya hivi: nakikunja nusu, nafanya kazi. Nikiiachia mashine ipige hesabu zake, nainuka kwenda jikoni. Nikirudi, nakuta kitambaa kimesharudishwa mpaka chini. Nasema, "Asante mama." Anasema, "Eeh Mama Devota, mwanangu, endelea na kazi."

Jumatano ikazimika katikati ya hesabu. Nikasingizia umeme kupanda na kushuka, maana majenereta ya mji yalikuwa na tabia zake. Nikawasha upya.

Alhamisi asubuhi nikasikia harufu, kama plastiki imesogea karibu na jiko. Nikakimbilia sebuleni, nikafunua kitambaa. Ile nailoni ya chini ilikuwa imelainika na kunata kwenye matundu ya hewa. Screen nyeusi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kimya.

Nililia. Sioni aibu kusema. Ijumaa ni kesho, na mama mkwe amesimama mlangoni na fimbo yake ananiuliza, "Imelala?"

Nikajibu, "Imelala, mama." Ningemwambia nini?

Vipimo vilikuwa kwenye CD, namshukuru Mungu. Nikaivuta ile nene ya Idrisa kutoka chini ya meza. Kufunga software kulikula asubuhi yote. Nikaingiza vipimo, nikaiamuru ijenge mlima, nikaenda kunawa uso.

Kurudi, mama mkwe ameshaifunika. Kitambaa kilekile, kimenyooshwa vizuri.

Nikasimama pale sebuleni. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie, liwalo na liwe, ndipo feni ya ile mashine ikapandisha.

Sijawahi kusikia kompyuta ikivuma vile. Upepo ukatoka kwa nyuma, ukakibeba kitambaa. Kikainuka, kikashuka. Kikainuka tena, maua ya bluu yanacheza.

Mama mkwe akapiga hatua nyuma, mkono kifuani.

"Hee! Mama Devota, inahema!"

"Ndiyo mama, inahema."

Akasogea taratibu, akaweka kiganja pale nyuma, akausikia ule upepo wa moto. Akaniangalia. Halafu, kwa mkono wake mwenyewe, akakitoa kitambaa, akakikunja, akakiweka mapajani.

"Kumbe na ile nyingine ilikuwa inataka kuhema," akasema polepole. "Nimeiziba pua."

"Sote tumeiziba, mama. Na nailoni ya mwanao pia."

Akacheka kidogo. Mimi nikacheka na machozi.

Tukakaa wawili mbele ya ile screen. Alasiri ikaingia. Mashine inavuma tu, haichoki.

Mara mlima ukatokea.

Nashindwa kuwaelezea vijana wa leo, maana ninyi mmeziona dunia zikizunguka kwenye simu zenu. Mimi nilikuwa nimeupima ule mlima kwa miguu yangu, kila kichaka nakijua, lakini sikuwahi kuuona wote kwa mara moja. Nikashika mouse, nikauzungusha. Bonde likageuka. Mgongo wa mlima ukapita mbele yetu, ukaenda zake.

Mama mkwe akasogeza kiti karibu na screen. Kisha kidole chake kikaenda kwenye mkunjo mmoja.

"Hapa ndipo ninapopumzikia na ndoo."

Ndipo penyewe. Hakuwa amesoma ramani maisha yake yote.

Nikalaza bomba. Mstari wa bluu ukaanzia chemchemini, ukazunguka mgongo wa mlima, ukashuka, ukashuka, ukaingia kijijini bila kupanda popote panapotushinda. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho, akajikuta machozi yanamtoka.

Ijumaa mhandisi alikuja. Nikamzungushia mlima. Akaniomba niuzungushe tena, nadhani mara ya pili ilikuwa ya starehe yake. Mradi ukawa wetu.

Siku ya kufungua maji, mgeni rasmi alikuta koki imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu. Akauliza ni cha nini. Mama mkwe akakitoa mwenyewe, akafungua koki.

Hakukutoka kitu. Koki ikakohoa, ikatoa upepo tu. Watu wakaanza kunung'unika.

Mama mkwe akainua mkono. "Subirini," akasema. "Inahema."

Na maji yakaja.

Nikaoga kwao jioni ile, nikamaliza ndoo nzima bila kumwonea mtu huruma.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza: kwa kazi nzito usichague kwa kung'aa wala kwa umri. Uliza graphics ni yake au inakopa, na weka mkono nyuma usikie inavyopumua. Mpya ina raha zake, nyepesi na betri inadumu. Ya Idrisa ukitoa chaja ilikuwa hailimalizi hata somo la kwanza la misa. Lakini ndiyo niliyoinunua, na ndiyo iliyopandisha mlima. Shemeji mpaka leo anaamini yake iliuawa na umeme, naomba asiingie humu.

Wenye ubishi karibuni, nipo. Ila kabla hujaanza kuniandikia, inua laptop yako uone kama nailoni ya chini umeshaitoa.