Wanaume Wote Nje

Juzi nilikuwa Ilongero, kwenye zizi la mzee mmoja. Ng'ombe wake pekee wa maziwa alikuwa akihangaika kuzaa tangu alfajiri. Mtaalamu wa mifugo aliyefika ni mama aliyezalisha wanawake zahanati miaka mingi, halafu akaenda kusomea mifugo ukubwani.

Alitoa shikamoo. Mzee akaitikia, kisha akaninong'oneza, “Nimeita daktari wa ng'ombe, wameniletea mkunga.”

Mama akavaa glovu ndefu, akachuchumaa, akasema bila kugeuka, “Wanaume wote nje.”

Tukatoka. Kwetu neno hilo halijadiliwi. Hata mimi, ambaye mkoa huu hakuna ng'ombe aliyewahi kunishinda, nilitangulia.

Punde tukasikia, “Jamani, mmekwenda wapi? Nani ananishikia ng'ombe?”

“Si umetufukuza, mama?” mzee akajibu nyuma ya ua.

“Mazoea, baba. Rudini.”

Tukarudi, tukashika, akavuta. Ndama akatoka mzima. Mama akampangusa pua. “Hongera, baba. Wa kike, na mama yake hajambo.”

Mtu hubadili kazi, mdomo ukachelewa kuhama. Mzee naye alivua kofia, akauliza kwa upole, “Kliniki tumlete lini?”