Rangi ya Idd Ndani ya Boneti

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, huko Tanga, na hilo la nne sikulimaliza. Lakini kupaka rangi hakuna wa kunifundisha. Kila Idd ikikaribia, nyumba yetu hapa ugenini, Rosettenville, hupakwa upya, kuta, geti, hata ndoo, na mwaka huu rangi ya bluu ilibaki nusu kopo. Nikaitazama pikapu ya marehemu mume wangu pale uani, ina kutu kama upele. Nikaipaka nje, nikafungua boneti nikapaka na ndani. Waliokuja kula pilau siku ya Idd niliwafungulia boneti waone, mmoja mmoja.

Baada ya wiki mbili taa za mbele zikaanza vituko. Ukiwasha zinang'aa, zinafifia, zinang'aa tena, kama mwanamume anayekukonyeza. Mwanangu ndiye anayeiendesha, anapelekea vitambaa washonaji wa Marshalltown. Akamwita fundi wa mtaani, akabadilisha balbu. Zikakonyeza. Akanunua betri mpya. Zikakonyeza zaidi. Jioni moja ya mvua zikamzimikia kabisa karibu na robot, zile taa za kuongoza magari, lori likampita kwa upana wa kiganja. Alirudi nyumbani midomo myeupe.

"Mama, hii gari itaniua. Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu aichukue."

Sikubisha, mtoto ni mtoto. Lakini humo ndani mume wangu alinifundisha kuendesha, nikaangusha geti la jirani, akacheka mpaka akaulalia usukani. Leo ikasagwe iwe masufuria?

Binti wa mwanangu anasomea umeme wa magari. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kina kokoto, ila akili haina. Akamwambia baba yake, "Baba, niachie mpaka huyo mtu amefika. Nikishindwa, abebe."

"Mpaka afike tu," mwanangu akasema. "Hata dakika moja siongezi."

Jumamosi asubuhi binti akafunga kilemba, akafungua boneti. Mimi nikakaa juu ya kreti na beseni langu la vitumbua.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo bibi na mjukuu tunavyotaniana, mume wetu mmoja, "ukiiachia gari ya mzee wetu, leo utalala kwa jirani."

"Mke mkubwa, kula basi. Nafikiria."

Akapima fyuzi. Nzima. Akatikisa nyaya moja moja. Taa zikakonyeza tu. Na mtu wa vyuma naye akafika mapema, akaegesha lori lake getini na minyororo yote. Moyo ukanidondokea kwenye beseni. Nikamjazia sahani ya vitumbua, mdomo wake uwe na kazi.

Mjukuu wangu akachukua kipande cha waya. Ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, ya pili akaigusisha kwenye waya mweusi nyuma ya taa. Taa zikatulia tuli. Akaondoa, zikakonyeza. Akarudisha, zikatulia. Mwanangu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akasimama.

"Ni ethi," binti akasema. "Umeme unafika kwa taa, sharp. Njia ya kurudi ndiyo mbovu."

Akaufuata ule waya mweusi mpaka ulipofungwa kwa bolti kwenye bodi. Bolti imepakwa bluu safi, inameta. Akaifungua kwa spana, akatoa ncha ya waya. Chini yake pia bluu, laini kama kucha ya bibi harusi.

"Nani alifungua hapa?"

"Si ni yule fundi wa mtaani," mwanangu akasema, anatafuta viatu. "Namfuata sasa hivi."

Nikakirudisha kitumbua kwenye beseni. Ningeweza kunyamaza, ila yule fundi ana mke na watoto, na mwanangu ana mkono mzito.

"Acha viatu," nikamwambia. "Ni mimi."

Wakanigeukia wote watatu.

"Mimi sipaki rangi kuzunguka kitu kama mvivu. Mlango ukipakwa, kitasa kinatolewa, unapaka chini yake, unakirudisha. Nilichukua spana ya baba yako nikafungua kila bolti niliyoiweza. Nikapaka tabaka mbili."

"Bibi," mjukuu akasema taratibu, "umeme haipiti kwa rangi. Lazima chuma ishike chuma."

"Sasa mbona hamkusema? Siku ya Idd niliwafungulia boneti, mkasema nzuri."

Mtu wa vyuma ndiye aliyeanza kucheka, chembe za kitumbua zikamtoka puani. Mwanangu akajikaza, akajikaza, akaenda kucheka nyuma ya nyumba, tukamsikia.

Mjukuu akasugua kwa msasa. Bluu yangu ikawa vumbi, na sitasema haikuniuma. Chuma kikatoka cheupe. Akakaza bolti, akaniambia nipande niwashe mwenyewe. Zikawaka. Mwanangu akapiga boneti kwa ngumi, akaitingisha pikapu kama mwembe. Zikawaka vilevile. Taa kubwa, zikawaka.

"Kaka, samahani," akamwambia mtu wa vyuma. "Hatuuzi."

"Basi nipeni hata vitumbua."

Nikampa beseni zima.

Kisha nikamwambia mke mwenzangu anipeleke Fordsburg, sina haja ya kitu, na taa asizime. Saa sita mchana, jua kali. Wenye magari wakawa wanatuwashia taa zao kutuonya kwamba zetu zinawaka. Kila mmoja nilimpungia mkono dirishani. Tunajua, baba. Tunajua.