Mmarekani wa Stratford na Hadithi Yangu

Mie simuamini mtu anayeuliza sana, na yule mzee wa Kimarekani alinishinda kwa maswali. Nilikuwa nampikia na kumfanyia usafi nyumbani kwake Stratford, sina karatasi, nasubiri kuitwa Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, kuhojiwa mara ya pili. Yeye ameng'ang'ania kujua kwa nini nimeondoka Pemba. Nikasema moyoni, huyu katumwa.

Mwenyewe alidai alikuwa mwongozaji filamu. Alianza kwa kuburura nyaya studio huko kwao, akapanda, akatengeneza filamu moja iliyompa jina, kisha akagombana na wenye fedha zao wakamfungia milango. Akaja London kwa mke wa Kiingereza, mke naye akafa. Lakini ukutani hapakuwa na hata picha moja. Mtu mashuhuri gani huyo asiye na picha?

Siku moja alinichosha, nikampa hadithi ileile niliyowapa Croydon: nyumba yetu ilichomwa moto, mama akafia ndani, sina mtu wa kumrudia.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akanikazia macho.

"Umenyamaza palepale, ukashusha pumzi palepale. Waigizaji wangu nilikuwa nawarudisha mpaka wasahau walichokariri. Na wewe umekariri."

Wiki nzima nikifika kwake natazama kwanza viatu vya mlangoni, kama kuna vya mgeni. Hakuja mtu. Badala yake kila asubuhi ananiweka jikoni: haya, rudia, anzia katikati, rudia huku unamenya viazi. Nilijua ananitega, na bado nikafuata, maana nilikuwa naogopa kurudishwa kwetu kuliko nilivyomwogopa yeye. Mpaka leo sina hakika alitaka nini. Pengine aliikosa kazi yake tu.

Croydon nilianzia katikati, nikalia machozi ya kweli. Barua ikaja: nimekubaliwa kukaa. Nilipomsomea, mzee aliomba chai tu.

Ijumaa baada ya sala mama akanipigia simu, kama kawaida yake. Nikampa habari. Alimshukuru Mungu.

"Basi mwanangu," akasema, "sasa waombe hao wakubwa wako na mie nije, nikuone kabla sijafa."

Nikamwambia inshallah mama, nitawauliza.