Mwalimu Aliyeomba Tarehe za Kuzaliwa

Wewe mzazi, mwanao akirudi kutoka shule akakwambia mwalimu amemtaka tarehe ya kuzaliwa ili amtafutie nyota yake, utamjibu nini?

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Kinyerezi. Nyuma ya madarasa ya shule moja ya sekondari, Mwalimu Avelina Kasimiri anafuta kioo cha darubini kwa kipande cha kitenge kilichofuliwa hadi kikalainika. Wanafunzi wake wa kidato cha nne wamekaa chini kwenye majani. Nyuma yao, kwenye viti vya plastiki, wamekaa wazazi. Hakuna mzazi anayecheka.

Jioni ya leo ndiyo ya kuamua. Mkuu wa shule amewaita waje waone kwa macho yao. Wakiondoka bado na shaka, darubini inarudi stoo na klabu ya jioni inafungwa.

"Silali vizuri," anasema Avelina, sauti chini. "Kila anayenisalimia najiuliza, huyu naye yumo?"

Yote yalianza na neno moja. Alikuwa akieleza kwamba mwanga wa nyota husafiri miaka mingi kabla ya kutufikia, akaona vichwa vinaanza kuangukia madawati. Ili kuwaamsha, akawaambia kila mmoja alete tarehe yake ya kuzaliwa, naye atamtafutia nyota yake: ile ambayo mwanga wake unaoonekana leo ulianza safari mwaka aliozaliwa mwanafunzi.

Darasani walishangilia. Nyumbani ikawa kesi. Mitaani, anayekutaka tarehe ya kuzaliwa akutafutie nyota ni mganga. Akiwa mwema ataisafisha. Akiwa mbaya ataichukua ampe mtu mwingine, nawe ubaki kuhangaika, kila unachoshika hakishikiki.

"Halafu mie kwetu Sumbawanga," anasema Avelina, na hapo anacheka mwenyewe, maana anajua Dar wanavyoitania Sumbawanga kwa uchawi. "Nani angehitaji ushahidi tena?"

Ushahidi ulipatikana hata hivyo. Ili kufundisha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, Avelina huomba mifupa buchani na miiba ya samaki kwa mama lishe. Anaichemsha, anaisugua kwa majivu, anaianika juu ya bati hadi iwe myeupe. Kisha wanafunzi wanaifukia kwenye mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka, wenzao waje kuichimba taratibu kwa brashi ya rangi, wajue kilicho chini ndicho kilichotangulia.

Mlinzi wa shule, Mzee Kasiani, alimkuta siku moja jua likizama, amepiga magoti, anafukia taya la mbuzi.

"Nilimuuliza, Mwalimu, unazika nini? Akaniambia anazika somo," anasimulia mlinzi huyo. "Sasa mtu mzima akikujibu hivyo, wewe utakaa kimya?"

Hakukaa. Habari ikafika Kipawa na Ukonga kabla ya chakula cha usiku.

"Zamani walinilaumu kwamba nawaambia watoto babu yao ni nyani," anasema Avelina. "Hilo nilishalizoea, nawaeleza taratibu, tunaelewana. Hili la nyota nilikosa pa kulishika."

Aliyesimama mbele ya wote kupinga ni Bi Bahiya, mwenye duka la vitambaa, mama yake Ahlam. Leo amekuja na baibui lake jeusi, kiti amekisogeza hadi jirani kabisa na darubini, na mkono wa binti yake hauachii.

"Mama, unaniaibisha," Ahlam ananong'ona.

"Aibu haiui. Tulia."

Giza linaingia. Upande wa mitambo ya umeme taa zinameza anga, lakini juu panabaki peusi. Avelina anaelekeza darubini.

"Shikamoo, Mama Ahlam. Karibu utangulie wewe."

"Marahaba. Hiyo si ndege? Maana ndege za hapa kwetu haziishi."

"Ndege inatembea, mama. Hii imetulia. Inaitwa Altair. Mwanga wake unatumia karibu miaka kumi na saba kufika hapa, umri wa Ahlam."

Bi Bahiya anainama, anafumba jicho moja. "Tair? Si nimesema ndege! Kwa Kiarabu hiyo ni ndege."

Wanafunzi wanaangua kicheko. Gibson, mtundu wa darasa, anapaza sauti: "Madam, somo limekuzidi!" Hata mzazi mmoja wa nyuma anatabasamu, kisha anajikaza.

Avelina anatumia nafasi hiyo kusema analotaka. Anaomba wazazi waje kila mwezi, wakae hivi hivi. Mwakani anataka kuwapeleka wanafunzi Oldupai, wakaone ardhi yenye visukuku vya kweli, badala ya mataya ya mbuzi wa Kinyerezi.

"Haya wazazi," anauliza mkuu wa shule. "Tufunge au tuendelee?"

Wote wanamtazama Bi Bahiya. Yeye ameachia mkono wa binti yake.

"Mwalimu, na ya mtu wa miaka ishirini na mitano ipo?"

"Ipo. Ile pale kaskazini, Vega." Avelina anazungusha darubini. "Ya nani, mama?"

"Zahor, kaka yake huyu. Alikuwaga wa kwanza darasani. Sasa yuko ndani tu, kazi hakai, mke hakai." Anaangalia, muda mrefu. "Niliambiwa nyota yake ilichukuliwa."

"Iko pale."

"Hakuna aliyeigusa?"

"Mama Ahlam, mwanga wenyewe, unaokimbia kuliko kitu chochote, unatumia miaka ishirini na mitano njiani. Nani ataifikia?"

Bi Bahiya anainua kichwa, anajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Anamgeukia mkuu wa shule.

"Usifunge," anasema. Kisha, taratibu, kwa Avelina peke yake: "Mganga alinitajia wifi yangu Hamisa. Tangu siku ile sijakanyaga kwake. Nilikuwa nataka tu mtu aniambie siyo yeye."