Udongo Aliokula Papa

Nilipokuwa na miaka minane, huko Cimpunda, mtaa wetu wa mlimani, niliamini kwamba udongo unasikia. Hata papa, baba yangu, aliamini, karani mzima aliyepiga suruali yake pasi mara mbili. Ndiyo maana niliogopa sana alipokubali kuula.

Kiwanja chetu kilitengwa na cha Maman Nsimire, mjane muuza makaa, kwa safu ya miti ya mpaka. Usiku mmoja mvua iliteremsha tope mlimani, na asubuhi miti ikaonekana imesogea hatua mbili upande wa mjane. Papa alisema ni mvua. Mvua haipandi miti kwa mstari ulionyooka, lakini hakuna aliyelisema hilo. Mimi nilikuwa nimetoka alfajiri kukojoa, nikamwona papa na jembe.

Mjane akashtaki. Mzee wa mtaa aliyeamua kesi alifuata desturi: papa ale udongo wa mpakani na kuapa. Akimaliza siku thelathini yu hai, kipande hicho cha kiwanja ni chake. Akifa, ni cha mjane. Akaandika yote hayo kwa Kifaransa safi, akagonga muhuri. Hakuna aliyeona ajabu.

"Papa Furaha, tafuna, usimeze sawa kidonge," mtu mmoja alisema, akimwita kwa jina langu. Watu wakacheka. Papa akatafuna.

Siku ya kumi na tisa tumbo lake likaanza kuvimba. Maman, mama yangu, alisema ni amibe, vijidudu vya tumbo, akanunua dawa. Kwenye bomba la maji watoto walinipokea kwa wimbo: "Udongo iko natafuta mwenye aliuiba." Sikula siku mbili. Bibi alikuwa amenieleza kwamba kiapo hufunguliwa na aliyeonewa peke yake, basi nikaenda kwa Maman Nsimire.

"Maman, papa ndiye alihamisha miti. Nilimuona. Umufungulie, asikufe."

Aliweka chini makaa aliyokuwa akipanga.

"Umeambia nani ingine?"

"Hakuna."

"Basi usiambie mutu, Furaha. Miye sitaki kiwanja yenye mutoto atalilia baba yake juu yake."

Jioni ile alikuja kwetu na kikombe cha maji. Akamsukutuisha papa kinywa, akasema, "Nimekuachilia," akaondoka. Papa aligeukia ukutani.

Alipona. Siku ya thelathini mzee akaongeza mstari mmoja kwenye karatasi: ameapa, yu hai, kiwanja ni chake.

Baadaye nilisoma sheria chuo kikuu, na sasa naifundisha. Nilikitafuta kiapo kile katika kila kitabu, sikukiona. Lakini mwaka jana tulipoomba hati ya kiwanja, karatasi ya mzee ilipokelewa bila swali lolote. Ndiyo msingi wa haki yetu, na chumba nilicholala ujana wangu kimejengwa juu ya hatua zile mbili.

Wanafunzi wangu wakiniuliza kama udongo unaua, nawajibu kwamba ni amibe, na naamini hivyo. Ila Maman Nsimire aliamini kinyume. Kwake yeye, ilitosha kukaa nyumbani siku chache zilizobaki, akiuza makaa yake; papa angekufa, naye angeshinda. Nilikwenda kumwomba uhai wa papa, akanipa na kiwanja pia. Papa hakumshukuru kamwe, hadi mama huyo akazikwa. Angemshukuruje bila kukiri?

Hati ilipoletwa kusainiwa, binti wa Maman Nsimire alikuwa ameketi mlangoni pao, akitutazama. Kaka zangu walisaini. Zamu yangu ilipofika, nami nilisaini.