Kamba ya Shemeji

Enzi za kuhamia vijiji vya ujamaa, Leonardi, mkulima wa ulezi wa Mpui, alivuka mpaka na rafiki zake na shemeji yake Flavian kwenda Zambia kurina asali kwenye majabali. Kwao, kamba ya mpandaji hushikwa na shemeji yake, maana hatataka dada yake awe mjane. Njiani Leonardi, mdomo hauna breki, alijigamba kwamba atamrudisha mkewe Bertilla kwao aoe mwingine.

Aliponing'inia katikati ya jabali, miguu ikitafuta pa kukanyaga, kamba ikasimama. Kutoka juu Flavian, kaka yake Bertilla, akauliza taratibu, “Shemeji, njiani ulisemaje kuhusu dada?”

Leonardi alitazama chini. “Nilisema sina mke mwingine ila Bertilla.”

Kamba ikaanza kushuka tena.

Wamezeeka pamoja. Mpaka leo Flavian akikohoa, Leonardi hushika meza.